Profesa Twalib na Hojaji Mia na Hamsini

Kama hujawahi kupigwa na Twalib, basi moja kati ya matatu: hukai Chang'ombe, hujasoma chuo, au umeshapigwa na hujajua. Wengi wako hapo kwenye la tatu, na wanaishi kwa amani kabisa.

Twalib alikuwa na steshenari, kibanda cha bati la bluu kilichotazamana na geti la chuo. Ubavuni ameandika kwa rangi nyeupe: KUTOA KOPI, KUPRINTI, KUBAINDI, USHAURI WA TAFITI. Matatu ya kwanza ndiyo yenye leseni. La nne ndilo lililomlisha. Mwanafunzi aliyebanwa na tarehe alipita mlango wa nyuma, akataja mada yake, na kesho yake akakuta utafiti mzima mzima uko mezani, una majedwali, una asilimia, una hata shukrani kwa Mwenyezi Mungu na wazazi wapendwa. Data zote zimepikwa humo humo kibandani. Twalib alikuwa na kalamu saba za wino tofauti, na kwa alasiri moja alijaza hojaji mia: wasomi kwa mkono wa kulia, wazee kwa mkono wa kushoto, na watu wenye haraka zao aliwajazia amesimama. Wanafunzi wakamwita Profesa. Naye, kwa unyenyekevu mkubwa, hakuwahi kuwakatalia.

Jumatatu tunayoizungumzia, Profesa alikuwa hana raha. Jumapili ilikuwa inakuja, na Jumapili hiyo ilikuwa na Bi Zubeda ndani yake.

Ishu yenyewe ilikuwa hivi. Twalib, miaka arobaini na moja, alimpenda Mwanaasha, fundi cherehani wa mtaa wa pili, na Mwanaasha naye, sijui kwa kurogwa na nani, alimkubali. Kumbe kukubaliwa na Mwanaasha ni nusu ya safari. Shangazi aliyemlea, Bi Zubeda, alikuwa ameshawarudisha wachumba wawili kwa kosa moja tu, nyumba tupu. "Mie simwozi mtoto kwenye mwangwi," ndivyo alivyosema. Na Jumapili saa nne asubuhi atakuja kukagua kwa Twalib, ambako kulikuwa na kitanda, feni, na sufuria mbili, moja haina mfuniko. Ukikohoa chumbani unajibiwa sebuleni.

Hapo ndipo alipoingia Samiha.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umenuna hivyo, feni limekuudhi?"

Samiha alikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada, binti wa Mzee Abdulsamad, yule Mwarabu wa vifaa vya ujenzi kule Temeke ambaye duka lake linajulikana na kila fundi. Alibwaga faili kwenye meza na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Baba kasema nikifeli karatasi hii narudi kaunta. Kupima misumari mpaka niolewe. Profesa, mie nimepimaga misumari tangu nina miaka kumi. Naiota!"

"Mada gani?"

"Mageuzi ya sera ya umma katika kuwapanga wafanyabiashara wadogo."

"Mageuzi ya sera!" Twalib alitamka kwa mapenzi, maana ile ilikuwa mboga yake ya kila siku. "Wangapi? Mia na hamsini? Pita kesho asubuhi, utazikuta bado za moto."

"Haiwezekani. Anayesahihisha ni Dokta Felicitas. Anawapigia simu wahojiwa wenyewe, mmoja mmoja. 'Je, ni kweli ulihojiwa?' Mwaka jana kampigia mhojiwa namba ishirini na tatu, kapokea mwanafunzi mwenyewe kajibana pua."

Twalib akashusha pumzi. Alimjua Dokta Felicitas kwa sifa. Chuo kizima kilikuwa na mhadhiri mmoja tu mwenye vocha.

"Sasa si uende ukawahoji?"

"Nimeenda! Wiki tatu niko gulioni Pugu. Wakiniona na makaratasi wanadhani nimekuja kudai ushuru wa gulio, wanafunika bidhaa wanaondoka. Nimepata hojaji kumi na moja, na saba kajaza mtu mmoja kwa soda." Akafungua faili, akatoa barua. "Na barua ya utambulisho ninayo. Na muhuri ninao. Na bado wananikimbia."

Twalib alikuwa karibu kumwambia pole na kumrudishia faili lake. Kisha akauona muhuri. Mviringo. Zambarau. Katikati yake sahihi imekatiza kwa madaha, na chini yake wa pili, wa serikali ya mtaa, umeegeshwa kidogo upande kama kofia ya sherehe. Mtu wa nchi hii anaweza kumpuuza mtu mwenzake, akampuuza mgeni, akampuuza hata daktari. Muhuri haupuuzi. Na huyu binti alikuwa anatembea nao ndani ya faili, amesimama, hana hata meza! Maskini ya Mungu, hakujua kwamba muhuri bila meza ni wino tu.

"Niachie mie," akasema polepole. "Siku tatu. Nakuletea hojaji mia na hamsini, na namba za simu zinazopokelewa."

"Utawafanyaje mpaka wakubali?"

"Hiyo ni taaluma, sista. Haifundishwi huko ng'ambo ya geti."

Samiha akafuta machozi. Aliyafuta haraka, haraka mno kwa mtu aliyekuwa analia, na siku nyingine Twalib angeliona hilo. Ila siku hiyo macho yake yote yalikuwa kwenye zambarau.

"Kitu kimoja tu, Profesa. Chuo kinataka msaidizi wa utafiti asaini fomu ya ridhaa. Kurasa tatu. Usome kwanza."

Twalib akacheka. Fomu za ridhaa alikuwa amezichapa maelfu, kwa miaka kumi na miwili, za kila idara. Kusoma? Wewe umeona kinyozi anahesabu nywele? Akaweka sahihi ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaandika namba ya simu na nyumba anayoishi, huku anapiga mluzi.

*

Jumanne asubuhi gulio la Pugu lilimpokea bwana mmoja mwenye suti ya kaunda ya kijivu na kitambulisho shingoni kilichogeukia kifuani. Kilikuwa kadi yake ya maktaba ya mwaka ambao hata yeye haukumbuki, lakini mgongo wa kadi haudanganyi mtu. Aliweka meza. Akatandika kitambaa cheupe. Akapanga hojaji. Barua ya utambulisho, sasa imeshapigwa lamineshen, akaibandika mbele ya meza, muhuri ukitazama watu. Samiha akaketi kando yake na simu mkononi, kwa ajili ya kumbukumbu, alisema.

Kisha Twalib akakaa. Hakutangaza kitu. Tapeli mdogo anatangaza, tapeli aliyekomaa anakaa kimya anachonga penseli.

Dakika ya tatu, mama wa nyanya akamtazama. Dakika ya tano akamuuliza mama wa bamia. Dakika ya tisa kulikuwa na foleni ya watu arobaini, kuna aliyechana karatasi ya daftari na kuandika majina ya foleni, na ugomvi wa nani ni namba nne ulikuwa umeshafika pabaya.

"Wanaandikisha nini?"

"Sijui. We panga foleni."

"Si ndo hawa wa meza mpya?"

"Ah! Kumbe meza mpya!"

Hivyo ndivyo meza mpya zilivyozaliwa Pugu. Twalib hakuzitaja yeye, naomba ieleweke hivyo. Yeye hakukanusha tu.

"Ndugu mchuuzi," alimwambia wa kwanza, muuza mitumba mwenye suruali saba begani, "kwa maoni yako, sera iliyopo ya kupanga maeneo ya biashara inakidhi mahitaji?"

"Nikisema inakidhi napata meza?"

"Sema lililo moyoni."

Muuza mitumba akatafakari. "Basi haikidhi. Haikidhi hata kidogo. Mvua ikinyesha mie nauza kamba, siyo nguo."

"Kamba," aliandika Twalib kwa mwandiko wake mzuri. "Namba yako ya simu? Safi. Weka simu hewani, utapigiwa."

Muuza mitumba akaingiza mkono mfukoni. Twalib akanyanyua mikono yote miwili, kama kaelekezewa bunduki. Alikuwa na sheria moja ya chuma, hagusi hela. Hela ni kesi, zawadi ni mapenzi.

"Braza, unataka kunifunga? Hayo mambo siku hizi hayapo!" Kisha akashusha sauti. "Ila kama mtu ana moyo wa shukrani tu, hilo blanketi la kahawia linapendeza."

Blanketi likaja. Nyuma yake yakaja mananasi, viazi vitamu, nazi, debe la mihogo, magunia mawili ya mkaa, mikeka, ndoo yenye mfuniko, na sufuria. Na sufuria ile, jamani, ilikuwa na mfuniko wake. Twalib alipoishika alikaribia kulia kwa furaha. Alimwona Bi Zubeda anaifunua na kuifunika, anaifunua na kuifunika.

"Profesa," Samiha alimnong'oneza, "Dokta Felicitas atafurahi tukiongeza safu moja kwenye fomu. Tuiite Shukrani. Kila alichotoa mtu kiandikwe mbele ya jina lake. Inaonyesha ushirikiano wa jamii."

"Mtoto una akili wewe," alisema Twalib, na akaanza kuandika: namba kumi na saba, Mama Tatu, mananasi manne.

"Na swali moja la nyongeza. Umewahi kuandikishwa kabla ya leo? Na nani? Ulitoa nini?"

Likaulizwa na hilo, kwa kinywa cha Twalib mwenyewe, na loo, hapo ndipo utafiti ulipokolea. Kila mtu alikuwa ameshaandikishwa! Alishakuja mwenye kofia ya sufu akaandikisha watu wa trekta la mkopo. Alishakuja mama mwenye miwani, wa vyandarua vya biashara. Wakaja vijana wawili na mashine isiyo na waya wala betri, wakapima watu vidole gumba. Twalib aliandika huku anatikisa kichwa kwa wivu wa kitaaluma.

"Trekta!" alimwambia Samiha. "Kwa watu wa gulio! Huyo bwana natamani nimjue."

"Wewe ungefanyaje, Profesa? Kumzuia mtu kama huyo?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Twalib swali la kitaalamu namna hiyo. Akajiachia. "Rahisi mno. Gulio liwe na daftari moja, la mwenyekiti, limetundikwa mahali kila mtu analiona. Asiyeandikwa humo hajaandikishwa, basi. Sie tungekufa njaa siku hiyo hiyo." Akakohoa. "Wao, nataka kusema. Wao wangekufa njaa."

"Hebu rudia taratibu," alisema Samiha, na kuisogeza simu karibu.

Mwenyekiti mwenyewe alikuja saa saba mchana. Bi Mwajabu, muuza kuku, mwanamke mpana, asiye na haraka. Hakupanga foleni. Foleni ndiyo iliyompisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akainama, akaweka kidole juu ya muhuri, akakiangalia kidole. "Na meza yangu mie itakuwa wapi?"

"Kona, mama. Kona yenye upepo."

"Nani kaniambia kuna meza?"

"Mie sijasema."

"Ni kweli," alisema Bi Mwajabu. "Hujasema." Akamtazama Samiha. Samiha akatazama viatu vyake. Kisha Bi Mwajabu akageuka kwenye matenga yake na kurudi na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye uzi wa kijani mguuni, anamtazama Twalib kwa jicho moja la dharau. "Shika. Ila usimchinje kabla ya Jumapili."

"Kwa nini Jumapili, mama?"

"Azoee nyumba kwanza."

Twalib aliguswa kweli. Akaandika: Bi Mwajabu, jogoo mmoja.

*

Siku tatu, hojaji mia na hamsini, safari nne za Kirikuu, kile kigari cha mizigo cha dereva Kasimiri. Kufikia Alhamisi nyumba ya Twalib ilikuwa imenona. Mananasi chini ya kitanda, nazi juu ya kabati ambalo nalo ni zawadi, mikeka imeviringishwa pembeni, mkaa barazani, jogoo sebuleni anatembea kama mwenye hati. Twalib alisimama katikati ya mlango akakohoa. Hakujibiwa na kitu. Akakohoa tena, kwa utamu tu.

Jumamosi Samiha akaja na flashi. "Kuprinti nakala tano, Profesa, na kubaindi gamba gumu. Herufi za dhahabu."

"Kwa wewe naweka dhahabu mara mbili."

Kichwa cha utafiti kilikuwa kirefu: MIANYA YA ULAGHAI KATIKA KUANDIKISHA WAFANYABIASHARA WADOGO: UTAFITI SHIRIKISHI NA MAPENDEKEZO YA MAGEUZI YA SERA. Twalib alikipima kwa rula. Alipanga herufi za dhahabu moja moja kwenye gamba, U, kisha L, kisha A, akarudi nyuma hatua mbili na kuridhika kwamba mistari imelingana. Ukurasa wa thelathini na moja ulikwama kwenye mashine. Akauvuta, akaunyoosha. Ulikuwa na picha ya bwana mwenye suti ya kaunda ameketi kwenye meza yenye kitambaa cheupe, uso wake umefichwa kwa ukungu.

"Huyu naye kavaa kama mie," aliwaza, akaurudisha ukurasa mahali pake na kuendelea na kazi.

*

Jumapili, saa nne kamili, Bi Zubeda aliingia na wanawake wawili wa ukoo. Hakusalimia vitu, alivikagua. Akagonga gunia la mkaa kwa kiatu. Akanusa nanasi. Akafunua sufuria, akaifunika, akaifunua tena. Twalib alisimama ukutani na kanzu yake iliyopigwa pasi.

Bi Zubeda akasimama katikati ya sebule, akavuta pumzi na kusema kwa sauti kubwa, "Zubeda!"

Hakuna kilichojibu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Hapa hapana mwangwi."

Mwanamke mmoja akaanza kigelegele. Hakukimaliza, kwa sababu nje honi ya Kirikuu ililia mara tatu. Twalib akachungulia dirishani. Nyuma ya gari la Kasimiri ilikuwa imesimama foleni. Ilianzia barazani, ikapita kwa jirani, ikakunja kona ya mtaa, watu wa Pugu watupu, wametulia, na kuna mtu ana karatasi ya majina. Mbele yao Bi Mwajabu. Mbele ya Bi Mwajabu, kwenye buibui safi, Samiha, amekumbatia kitabu chenye herufi za dhahabu.

"Shikamooni," alisema Samiha akiingia. "Samahani kwa kuwakatiza. Tumekuja kwenye mrejesho."

"Mrejesho gani?" aliuliza Bi Zubeda.

"Wa utafiti, bibi. Fomu ya ridhaa ukurasa wa tatu, nasoma: 'Mimi msaidizi wa utafiti nakubali kwamba kila kitu nitakachopokea kwa washiriki ni amana, na kitarejeshwa kwao nyumbani kwangu, Jumapili saa nne na nusu, kwa kufuata orodha niliyoiandika kwa mkono wangu.' Na hii hapa sahihi yake. Nzuri mno."

Twalib alifungua kinywa. Kinywa hicho kilikuwa kimeshatoa maneno kwenye kila shida tangu akiwa darasa la tatu. Safari hii kilitoa hewa.

"Namba moja!" aliita Bi Mwajabu. "Blanketi la kahawia!"

Na likatoka. Yakatoka mananasi, manne manne, kama yalivyoandikwa. Ikatoka mikeka, nazi, kabati, mkaa. Kila mtu alishukuru kwa adabu, wengine walimpa mkono, na muuza mitumba alimuuliza kama kamba kaiandika vizuri. Orodha haikuwa na kosa hata moja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Twalib alikuwa amekusanya data ambazo hazina doa, na zilikuwa zinatoka mlangoni kwake.

"Mama," alimwambia Bi Mwajabu kwa sauti ya kinyonge, "ulijua tangu lini?"

"Binti alinifuata Jumatatu jioni, akanieleza yote. Tumeandikishwa mara tano sie. Ya sita nikasema na sie tuandikishe; wenzangu nimewaambia jana." Akamnyanyua jogoo kutoka dirishani. "Kazoea nyumba huyu. Amependa."

Ya mwisho kutoka ilikuwa sufuria. Twalib aliitoa mwenyewe, na mfuniko wake.

Mtu alikohoa, na chumbani kukajibu.

Bi Zubeda alikuwa ameketi muda wote kwenye kiti kilichoazimwa kwa jirani, uso haujaonyesha kitu. "Binti," alisema, "na humo kitabuni kaandikwa?"

"Ukurasa wa thelathini na moja, bibi."

"Hebu nisomee."

Samiha akasoma. "'Msaidizi T., kwa kutumia meza, kitambaa na barua yenye muhuri tu, alipata foleni ya watu arobaini katika dakika tisa bila kuahidi chochote. Mtafiti, kwa wiki tatu za kuomba kwa heshima, alipata hojaji kumi na moja. Msaidizi T. ndiye pia aliyetoa pendekezo kuu la utafiti huu, la daftari moja la wazi.'"

Bega la Bi Zubeda likaanza kutikisika. Halafu la pili. Kisha akapasuka, akacheka mpaka mtandio ukaanguka, akacheka mpaka wale wanawake wawili wakamshika asiteleze kitini. "Dakika tisa!" alisema akipangusa macho. "Watu arobaini! Jamani, wa trekta alinipata mie mwenyewe, nikatoa mbuzi!"

Alipotulia, akaomba hojaji tupu moja iliyobaki. Akaigeuza nyuma, akaiweka gotini.

"Njoo hapa. Foleni imekufikia. Jina?"

"Twalib, shangazi."

"Kazi? Na usinipikie, thelathini na moja ninayo."

Twalib alimtazama Samiha, akamtazama Bi Mwajabu na jogoo wake, akakitazama chumba. "Kutoa kopi," alisema. "Kuprinti. Na kubaindi."

"Nyumba ina nini?"

"Kitanda. Feni. Sufuria mbili."

"Mifuniko?"

"Mmoja."

Bi Zubeda akaandika. "Mwanaasha unampenda?"

"Nampenda, shangazi," alisema Twalib. "Hilo sijalipika. Nampenda mpaka naumwa."

Bi Zubeda akaliandika na hilo. "Safu ya mwisho. Shukrani."

Twalib akajipapasa. Hakukuwa na kitu ndani ya nyumba nzima cha kutoa. Kisha mkono ukagusa mfuko wa kanzu, akatoa kalamu zake saba, za wasomi, za wazee na za wenye haraka, akaziweka zote kwenye kiganja cha Bi Zubeda.

"Kalamu saba," aliandika Bi Zubeda, taratibu. Akainuka, akafunga mtandio. "Haya. Weka simu hewani. Utapigiwa."

*

Jumatatu Twalib hakutoa kopi hata moja. Simu ilikuwa juu ya mashine, imechomekwa chaji, na yeye ameegemea kiwiko anaitazama. Saa tisa na robo ikalia. Aliirukia mpaka akaangusha karatasi za watu.

"Haloo! Shangazi!"

"Naitwa Dokta Felicitas," ilisema sauti kavu. "Nahakiki utafiti wa mwanafunzi Samiha Abdulsamad. Tangu Ijumaa nimeshawapigia wahojiwa mia na hamsini, wote wamethibitisha. Umebaki wewe, namba mia na hamsini na moja, msaidizi T. Ukikana, kazi yote inaanguka. Je, ni kweli ulihojiwa?"

Ehe! Twalib aliketi. Neno moja tu, na yule binti anarudi kwenye misumari leo hii. Aliligeuzageuza kinywani, na lilikuwa tamu kweli kweli. Akakumbuka machozi yaliyofutwa haraka. Akakumbuka ile safu ya Shukrani, aliyoichora mwenyewe kwa rula. Na ghafla akaanza kucheka, kicheko cha fundi aliyeona kazi ya fundi mwenzake.

"Ni kweli, Dokta. Nilihojiwa. Tena vizuri sana."

"Na madhumuni ya utafiti ulielezwa?"

"Yaliandikwa. Kwenye fomu ya ridhaa, ukurasa wa pili."

"Uliisoma?"

Nakala ya fomu aliyoachiwa na Samiha ilikuwa hapo mbele yake, imefunguliwa, na kidole chake kilikuwa kimefika mstari wa nne.

"Naisoma hivi sasa," alisema Twalib. "Ila Dokta, nakuomba ukate haraka. Kuna simu naisubiri."